Mkurugenzi wa Kamba za Paani

Jumatatu, 3 Machi

Shuka zangu zimetupwa! Sawa, hazikutupwa. Zimekunjwa na kuwekwa ndani ya beseni mlangoni pa paa, zikiwa bado zimelowa, jambo ambalo ni kutupwa kwa adabu. Aliyefanya hivyo ni Mwalimu Mstaafu wa ghorofa ya juu, ambaye tangu aache kufundisha hana wa kumwadhibu ila sisi wapangaji wenzake. Ana ubao wake mweusi pale mlangoni. Anaandika kwa chaki nani aanike siku gani na kwenye kamba ipi. Eti leo si siku yangu. Nikamwambia jua ni la wote. Akajibu kwamba jua ni la wote ila kamba ni nne, na kijana ajifunze kusoma ubao.

Kijana! Nina kipara.

Nimeshuka ngazi mbilimbili, damu inachemka. Nikawa nazunguka meza mpaka mke wangu akauliza natafuta nini. Natafuta haki, nikasema. Akasema nikiipata nimletee na vibanio, vimepungua.

Wazo limenijia nikiwa nimesimama. Nitatengeneza programu ya wavuti! Mpangaji anafungua simu, anaona kamba zilizo wazi, anaandika jina lake, anabonyeza, kwisha. Hakuna ubao. Hakuna chaki. Hakuna Mwalimu. Na wakishaonja raha hiyo, watamchagua nani awe Msimamizi wa Paa kwenye mkutano wa Jumapili ijayo ile nyingine? Nani atakabidhiwa ufunguo?

Sijawahi kutengeneza programu. Hilo ni jambo dogo. Nimepata somo mtandaoni, la wanaoanza, hatua kwa hatua. Hatua nyingine nimeziruka, zilionekana ni za watu wazito wa kuelewa. Kabla ya chakula cha jioni ukurasa wangu wa kwanza umefunguka. Mweupe mtupu, na juu kabisa maneno: "Hujambo, dunia!" Nimepiga kelele. Mke wangu amekuja mbio na mwiko mkononi, ameusoma ukurasa, amengoja kidogo, kisha akasema dunia haijajibu.

Jumanne, 4 Machi

Kazini, duka la magodoro. Kompyuta nimeificha chini ya mito kwenye godoro la maonyesho la pembeni, lile la watu wenye maumivu ya mgongo. Nikilala juu yake kifudifudi, anayepita anadhani naonyesha ubora wa bidhaa.

Fomu ya kujiandikisha haitaki kufunguka. Inaniletea maandishi mekundu, marefu kama hotuba ya mgeni rasmi, yanayoishia kuniambia kwamba kuna kosa mstari wa ishirini. Mstari wa ishirini ni safi! Nimeusoma kwenda mbele, nimeusoma kurudi nyuma. Nimeufuta, nikauandika upya, nikaubembeleza. Mguu wangu ulikuwa unatikisika hadi godoro likatikisika nao, mteja mmoja akauliza kama lina injini. Kumbe kosa liko mstari wa juu yake. Nilisahau nukta mbili mwishoni. Vitone viwili ambavyo hata siafu havimshibishi vimekula asubuhi yangu yote!

Bosi ameniita. Kuna mteja amelalamika. Aliuliza kama godoro la futi sita lipo, nami nikamjibu kwamba bado linapakia, ajaribu tena baadaye. Bosi alitaka kujua linapakiwa wapi, kwenye gari gani, na kwa ruhusa ya nani. Nikasema ni lugha ya kitaalamu. Akasema mtaalamu wa hapa dukani ni yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Imekwisha! Ukurasa una kamba nne, kila moja na kitufe chake cha kijani kilichoandikwa CHUKUA. Unachagua siku, unaandika jina, unabonyeza, jina lako linatokea. Nimejaribu mwenyewe tangu asubuhi. Nimechukua kamba zote, nikaziachia, nikazichukua tena. Nimejiandikisha kama "Mkurugenzi", kwa sababu jina ninaloitwa hapa jengoni, Bwana Godoro, halina hadhi ya mwanzilishi.

Saa ya chai nikaitangaza kwenye kundi la simu la wapangaji. Ujumbe wenye heshima zote: ndugu wapangaji, enzi ya chaki imefikia tamati, bonyezeni hapa. Nikabandika anwani, nikaketi kungoja sifa. Nikasimama. Nikaketi. Nikaenda dirishani kuangalia kama kuna watu wanakuja kwa miguu.

Hatimaye Muuguzi wa ghorofa ya chini akaandika kwamba kwake haifunguki. Fundi Viatu, ambaye mlango wake unatazamana na wetu: haifunguki. Mwingine: na kwangu pia. Halafu Mwalimu, anayeandika ujumbe wa simu kwa vituo na mikato kama anasahihisha insha: "Ubao wangu unafunguka."

Imebidi nimpigie shemeji, mdogo wake mke wangu. Kuandika programu ndiyo kazi yake, ana ofisi na kiti kinachozunguka. Sikutaka kumpigia. Ana upole fulani, upole wa daktari wa meno. Akaniomba nimpelekee kodi. Nikamwambia kodi ya nyumba nimeshalipa na haimhusu. Akasema kodi ya programu, shemeji, yale maandishi uliyoyaandika. Ah. Nikampa anwani kwanza, aone mwenyewe. Akacheka, akakificha kicheko kwa kukohoa. Anwani ile, akanieleza, kwa lugha ya kompyuta maana yake ni "hapa hapa nilipo". Kila aliyeibonyeza, simu yake imejichungulia yenyewe na haikukuta kitu.

Kwa hiyo nimeliambia jengo zima litafute kamba za paani ndani ya mifuko yao.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amejitolea kuipandisha programu kwenye seva iliyo huko mbali, ambako haizimwi. Nimekataa. Akitia mkono leo, kesho watu watasema ni ya shemeji. Nikamuuliza kwani kompyuta yangu mwenyewe haiwezi kuwa seva? Akasema inaweza, kwa kuwa jengo lote mnatumia mtandao mmoja, ila... Sikungoja hiyo ila. Nilibadilisha neno moja kama alivyonielekeza, nikapata anwani mpya ya tarakimu tupu, nikaituma kundini.

IMEFUNGUKA! Muuguzi ndiye wa kwanza, kamba ya pili, Jumatatu. Nimeliona jina lake likitokea mbele ya macho yangu. Mtu niliyepishana naye ngazini asubuhi, sasa yumo ndani ya kompyuta yangu! Nikapanda mbio paani kuhakikisha kamba ya pili ipo. Ipo. Nikashuka, nikakuta majina mengine matatu. Nikapanda tena, sijui kwa nini.

Jioni majirani walimsimamisha mke wangu ngazini. Walimuuliza ni kweli mumewe ndiye aliyetengeneza kitu kile? Akasema ni kweli. Nimemsikia kwa masikio yangu, nilikuwa nyuma ya mlango. Akaongeza kwamba safari hii ni tofauti. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyewahi kuyasema wakati wa biashara yangu ya miavuli. Lakini aliyasema.

Sikuweza kula. Kila tonge nilikuwa natazama skrini.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba. Mke wangu alitaka kupiga pasi, na sebuleni soketi nzima ni moja. Akachomoa kompyuta, akaifunga kifuniko, akaifuta na vumbi kwa hisani yake, akaisogeza pembeni. Nilikuwa bafuni. Nilipotoka na mapovu kichwani, simu ilikuwa inalia mfululizo: haifunguki, haifunguki, Bwana Godoro mbona haifunguki?

Nikamwambia mke wangu amefunga seva! Akauliza seva ni ipi. Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni kompyuta, na kama jengo zima linaitegemea, inafanya nini kwenye meza ya kulia, imeegemea chupa ya chai? Mapovu yalikuwa yananiingia machoni.

Nimeiwasha upya. Ikafunguka safi. Safi mno! Hakuna jina hata moja, kamba zote wazi kama siku ya kwanza. Nikampigia shemeji. Kwa upole wake akaeleza kwamba majina niliyaweka kwenye kumbukumbu ya muda tu, programu ikizimika yanapotea, ilibidi niyaandike kwenye faili. Hiyo ndiyo ila aliyotaka kunieleza jana. Nikasema sawa, sasa naijua. Akasema hiyo ilikuwa ya kwanza, zipo nyingine.

Ningeweza kuwaambia watu ukweli, wajiandikishe upya. Lakini Mwalimu angefurahi mno, na afya yangu isingestahimili. Nimeketi nikayarudisha majina yote kutoka kichwani. Muuguzi nina hakika naye. Wengine nimewakisia. Fundi Viatu nimemweka Jumatano, ana sura ya Jumatano.

Jumatatu, 10 Machi

Programu sasa inaandika majina kwenye faili, na kompyuta nimeibandika karatasi: SEVA. MARUFUKU KUFUNGA. Mke wangu anapigia pasi chumbani, kitandani, amepiga magoti.

Fundi Viatu alibisha hodi kuuliza imekuwaje yuko Jumatano wakati alichukua Jumanne. Nikamwambia mfumo umemboreshea. Akashukuru! Hapo nikaelewa kwa nini watu hupenda madaraka.

Mambo yanakwenda. Ngazini nimesikia watu wawili wakinitaja kwa Usimamizi wa Paa. Mmoja alisema, "Si bora yeye kuliko chaki?" Si sifa kubwa, lakini ni mwanzo.

Tatizo ni moja. Nilipotaka kuanika, Kamba ya Kwanza ilikuwa imechukuliwa. Hiyo ndiyo kamba yenyewe, iko upande wa ukuta mfupi, jua linaishika tangu linapotoka hadi linapozama. Mimi, mwanzilishi, nipewe kamba ya nne nyuma ya tangi la maji, kama mgeni? Nimeongeza kijisheria kidogo. Anayejiandikisha kwa jina Mkurugenzi anapewa Kamba ya Kwanza papo hapo. Kama ina mtu, mtu huyo anasogea kamba ya pili, wa pili anasogea ya tatu, wa tatu ya nne. Wa nne jina linatoka. Sikumwambia mtu. Huu si upendeleo. Fundi lazima apite kwenye daraja lake mwenyewe kuona kama linabeba.

Pajama zangu zimekauka kabla ya saa sita. Linabeba!

Jumatano, 12 Machi

Mawingu jana, manyunyu leo. Hakuna kilichokauka. Jengo zima linanuka nguo mbichi na kila mtu anaitaka Alhamisi.

Muuguzi amenisimamisha mlangoni kwake. Ijumaa asubuhi anatawazwa kuwa mkuu wa wodi. Miaka yote hiyo ya zamu za usiku, hatimaye! Sare ni mpya, nyeupe, ameipunguza mikono na kuifua, na amefanikiwa kupata Kamba ya Kwanza kesho. Akaniuliza kama kweli anaweza kuutegemea huo mfumo wangu, kwa sababu sare nyingine hana, ile ya zamani ameshairudisha. Nikaweka mkono kifuani. Nikamwambia, "Dada, wewe lala usingizi."

Na kwa kweli nilimaanisha. Kesho sina cha kuanika.

Wanaotembelea ukurasa wameongezeka ghafla mchana huu. Kila nikitazama, wapo. Nasikia vicheko ngazini, milango inafunguka na kufungwa, watu wanaonyeshana simu. Fundi Viatu amepita akanipigia saluti. Umaarufu ni kitu cha ajabu. Nimeshindwa kukaa kitini. Nimeandaa hotuba ya Jumapili, nikaisoma mbele ya kioo, nikaifupisha, nikairefusha tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa nane mchana mke wangu alinipigia dukani. Hakunisalimu. Alisema tu, "Njoo paani." Nikamuaga Bosi kwamba kuna dharura ya mtambo.

Paani kulikuwa na mkutano kamili. Watu wanne, kila mmoja na beseni lake na simu yake juu, kila mmoja akidai Kamba ya Kwanza ni yake, tazama, imeandikwa hapa. Kati yao, kwenye beseni la plastiki, sare ya Muuguzi. Imeanuliwa, imelowa, imekunjamana kama karatasi iliyokosewa. Muuguzi mwenyewe amesimama pembeni, mkono mdomoni. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia mawinguni.

Mwalimu alikuwa ameazima simu ya mtu. Aliisoma kama anaita mahudhurio.

"Kamba ya kwanza, Mkurugenzi. Kamba ya pili, Mkurugenzi. Kamba ya tatu, Mkurugenzi. Kamba ya nne, Mkurugenzi." Akavua miwani. "Mkurugenzi ni nani?"

Wote walinitazama. Kisha Fundi Viatu akanyoosha mkono. Na yule wa pembeni yake naye akanyoosha. Wote wanne!

Kumbe Fundi Viatu jana aliandika Mkurugenzi kwa kunitania tu, maana nimekuwa nikijiita hivyo ngazini. Akashangaa kamba bora imemwangukia mkononi. Akamnong'oneza jirani, jirani akamnong'oneza jirani. Kila Mkurugenzi mpya akamsukuma wa zamani kamba moja mbele, na Muuguzi, aliyetumia jina lake la siku zote kama mtu mwaminifu, akasukumwa hadi akadondokea nje.

Nikasema ni mtandao. Mvua huwa inasumbua mtandao.

Mke wangu alitoa simu. Alimpigia mdogo wake, akaweka sauti wazi wote wasikie. Ile sauti ya upole ikasambaa paani. Shemeji akauliza maswali machache. Akamwambia ajaribu jina lolote kwanza. Ukurasa ukakataa, kamba zimejaa. Akamwambia aandike Mkurugenzi. Ukampa Kamba ya Kwanza.

"Basi hiyo si hitilafu, dada," shemeji akasema. "Hiyo imeandikwa na mtu."

Nilidhani mke wangu atanifokea. Ningependa anifokee. Alikata simu, akainua beseni lenye sare, na alipofika mlangoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Niliwaambia watu safari hii ni tofauti." Akashuka.

Nilisimama pale. Mwalimu alikuwa anatafuta chaki mfukoni. Hata yeye hakusema kitu, na Mwalimu akikosa la kusema ujue umeanguka vibaya.

Kisha miguu ikaondoka yenyewe. Nilimkuta mke wangu sebuleni kwetu na pasi, lakini umeme ulikuwa umetoka kukatika jengo zima. Nikamwomba beseni. Alilishikilia kidogo, akanitazama, akaniachia. Nilikimbia nalo hadi dukani, maji yananimwagikia suruali, watu wanapisha njia. Dukani kuna jenereta, na kuna feni kubwa ya kusimama, ile ya kupepea mapazia ya maonyesho ili chumba kionekane cha ndotoni. Nikaitundika sare kwenye fimbo ya pazia juu ya lile godoro la wenye maumivu ya mgongo. Nikaiwasha feni mwisho kabisa. Sare ikajaa upepo, ikanyoosha mikono, ikawa kama mtu anayejirusha kitandani.

Mteja mmoja akauliza kwa heshima kama godoro lile linauzwa pamoja na muuguzi wake.

Bosi alitoka ofisini. Aliitazama feni, akaitazama sare, akatazama dimbwi sakafuni. Nikamweleza kila kitu, kwa haraka, bila kupumua, pamoja na habari za kamba nne na Wakurugenzi wanne. Alipouliza kama mwenye sare ni yule mama wa wodi aliyemhudumia baba yake, nikasema sijui, labda. Akasogeza feni karibu zaidi. Akaleta na ya ofisini kwake. Kisha akaniambia kwamba kuanzia kesho nitafanya kazi stoo, ambako hakuna wateja wa kuwachanganya.

Sare ilikauka kabla hatujafunga duka. Umeme ulikuwa umerudi nilipofika nyumbani, mke wangu akaipiga pasi, hakuniruhusu kuigusa. Tukaipeleka pamoja. Muuguzi aliipokea kwa mikono miwili, akaikagua kola, akamshukuru mke wangu, akamwita "mdogo wangu". Kwangu alisema, "Asante, Mkurugenzi."

Bora angenipiga.

Ijumaa, 14 Machi

Muuguzi amerudi mchana na beji mpya kifuani. Nilikuwa nimekuja kuchukua chakula nilichosahau, nikamwona akipanda ngazi polepole ili kila mtu amwone. Watu walimpigia makofi. Nami nilipiga, nikiwa nyuma ya nguzo.

Stoo hakuna dirisha. Kuna magodoro yamefungwa kwa nailoni hadi darini, na mimi. Nimezunguka kati yake siku nzima. Programu nimeizima. Kila baada ya muda mfupi mkono unaingia mfukoni kutazama simu kama kuna aliyejiandikisha.

Mke wangu anazungumza nami maneno ya lazima tu. Chumvi. Mlango. Sogea.

Jumapili, 16 Machi

Mkutano wa wapangaji ulifanyika paani. Nilivaa shati la kola, sikujua kama nahukumiwa au nasamehewa. Hotuba niliiacha nyumbani, kisha nikarudi kuichukua, kisha nikaiacha.

Mwalimu alifungua kwa kusema ubao wake uko tayari kuendelea. Nilitarajia makofi. Badala yake Fundi Viatu akasimama akasema, kwa heshima zote Mwalimu, ile kitu ya kwenye simu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kabla ya kuharibika. Watu wakaitikia! Mama mmoja akasema kupanda ghorofa zote zile na magoti yake ili tu kusoma chaki ni adhabu. Muuguzi, mkuu wa wodi mwenyewe, akasema programu haina kosa, kosa lina mwenyewe. Nikatazama viatu vyangu.

Basi wameamua programu irudi. Moyo uliruka! Nikaanza kuinuka. Mwalimu akauliza nani atakuwa Msimamizi wa Paa, na Muuguzi akamtaja mke wangu.

Mikono yote juu. Wa mwisho kunyooshwa ulikuwa wangu, na nilinyoosha kwa sababu alikuwa ananitazama.

Shemeji aliyekuwa amekuja kwa chakula cha mchana ameihamishia kwenye seva ya mbali, ameondoa kile kijisheria, ameweka kwamba jina moja linachukua kamba moja tu kwa siku, na kila mpangaji ana neno lake la siri. Alifanya yote hayo kabla chai haijapoa. Mwalimu amepewa kazi ya kuandika taratibu za matumizi, ameshajaza kurasa, ana furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Ufunguo wa paa uko shingoni mwa mke wangu. Unampendeza, siwezi kukataa.

Jioni aliniita mezani, akaniuliza kwa nini. Kwa nini hasa, wakati kamba zenyewe nilizigawa mimi, watu wananishukuru, hakuna aliyeninyima? Nilifikiri kwa dakika nzima, kitu ambacho si kawaida yangu. Nikamwambia nilitaka kuona kitu kimoja katika jengo hili kikinisubiri mimi. Alicheka kidogo. Kicheko cha kwanza tangu Alhamisi. Akasema chakula huwa kinanisubiri kila siku na sijawahi kukiandikia sheria.

Kisha akanipa neno langu la siri. Mpangaji wa kawaida.

Jumanne, 18 Machi

Nimejifunza. Naliandika hili kwa wino ili libaki. Mtu asikurupuke. Mtu asitangaze kitu kabla hakijakuwepo. Mtu akifanya kazi ya watu, ajiondoe yeye mwenyewe katikati. Mke wangu amenisikia nikiyasema haya mbele ya kioo, akanipapasa bega, akaenda zake paani kukagua kamba. Nilihisi mtu mzima kabisa.

Asubuhi nilikuwa stoo, nimetulia, nafunga kamba kwenye magodoro ya kupelekwa kwa wateja. Bosi akaingia anagombana na dereva. Godoro la mtu limepelekwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ameshalilalia. Bosi akashika kichwa. Akasema laiti kungekuwa na namna ya kujua godoro gani linakwenda wapi.

Sikumbuki kusimama. Nilisikia tu sauti, ikawa yangu. Nikamwambia ipo namna, Bosi. Programu ya wavuti. Dereva anafungua simu, mteja anafungua simu, wewe unafungua simu, kila godoro linaonekana liko barabara gani. Bosi akamwacha dereva. Akauliza kama inafanya kazi kweli, si kama ile ya kamba. Nikamwambia ile ilikuwa ya majaribio, hii ni kitu kingine. Akauliza itakuwa tayari lini. Nikasema iko tayari.

Ameniita mbele ya wafanyakazi wote, akatangaza. Madereva wamepiga makofi. Amewapigia na wateja wakubwa, kesho saa mbili wanakuja kuiona. Nimeombwa nivae tai. Na nimeshaitungia jina, rangi ya vitufe, na mahali picha yangu itakapokaa.

Kilichobaki ni kuiandika.